Mstari Ulioandikwa "Hakuna"

Madaftari yenyewe ni matatu. Jalada la kwanza limekakamaa kwa chumvi, na kurasa zote zimeandikwa kwa penseli, maana wino ukilowa hutawanyika. Mwenye madaftari hayo, mzee mmoja, alikuwa mzamiaji kwa miaka 18, kuanzia 1997. Masikio yalipomkatalia kushuka tena, aliniita, akanikabidhi mfuko, akasema: "Mwanangu, humu mna bahari yangu yote. Iweke kwenye hizo ramani zenu za mtandaoni, nisije nikaondoka nayo."

Nilimwambia, "Mzee, nipe wiki mbili." Kazi ilinichukua miezi saba, na ninachotaka kueleza hapa ni kilichonichelewesha.

Kila ukurasa una tarehe, jina la mwamba, saa ya kushuka na saa ya kupanda, kina, kisha orodha ya alivyoviona. Aliandika alivyoona na pia alichokitafuta asikione. "Kasa: mmoja, mdogo. Taa: wawili. Farasi wa bahari: hakuna." Mwanzoni mistari ya "hakuna" nilikuwa naipita. Nilijiambia kwamba ramani huonyesha vilivyopo, sasa kisichokuwepo nitakiweka wapi? Nilikuwa nimeshaandika karibu daftari zima na nusu kwa mtindo huo niliporudi nyuma kutafuta tarehe moja, nikajikuta nasoma ukurasa mmoja baada ya mwingine kuhusu jabali lile lile. Farasi wa bahari: saba. Miaka miwili baadaye: watano. Kisha wawili. Kisha hakuna, hakuna, hakuna, mpaka daftari la tatu linakwisha.

Nikafungua ramani niliyokuwa naitengeneza. Kwenye jabali lile palikuwa na nukta kadhaa za farasi wa bahari, zimebebana, zinang'aa. Yeyote ambaye angeifungua leo angesema: hapa wamejaa.

Hilo jambo liliniuma, na bado naliona ndilo kubwa kuliko yote katika kazi hii. Ramani ya mtandaoni haisahau. Nukta ikishawekwa hubaki, na nukta za 1997 hulala juu ya nukta za 2010 kana kwamba ni za asubuhi moja. Kiumbe akitoweka, hakuna kinachofutika. Njia ya kuifanya ramani iseme kwamba kitu kimetoweka ni mtu kushuka tena mahali pale pale, kutafuta, kukosa, na kuandika kwamba amekosa. Mzee aliifanya kazi hiyo kwa miaka, nami nilikuwa naitupa kapuni.

Nikaanza upya.

Kwa asiyeifahamu kazi hii, inakwenda hivi. Kuna hifadhidata kubwa za dunia ambazo mtu, chuo au makumbusho hupeleka kumbukumbu zake za viumbe. Kwa bahari, kubwa ni OBIS. Ilizaliwa ndani ya Sensa ya Viumbe wa Baharini, mradi uliochukua miaka kumi, kuanzia 2000 hadi 2010, ukashirikisha wanasayansi wapatao 2,700 kutoka nchi zaidi ya 80 na safari za utafiti zaidi ya 500. Mradi ulipokuwa unaelekea ukingoni palikuwa na swali la nani ataitunza data yote ile, na mwaka 2009 tume ya bahari ya UNESCO ikakubali kuilea. Leo ina kumbukumbu zaidi ya milioni 100. Dada yake ni GBIF, iliyoanzishwa 2001, inayobeba viumbe vya nchi kavu na vya majini pamoja. Zote mbili unazifungua bure, unaandika jina la kiumbe, na ramani inajaa nukta.

Kumbukumbu moja ni mstari mmoja wa jedwali: kiumbe fulani, mahali fulani, siku fulani, kwa ushahidi fulani. Ili mistari ya watu wasiojuana iweze kukaa jedwali moja, safu zake zinafuata utaratibu mmoja uitwao Darwin Core, uliopitishwa kuwa kiwango rasmi mwaka 2009. Na humo, miongoni mwa safu za tarehe na kina na latitudo, kuna safu inayouliza: kiumbe huyu alikuwepo, au hakuwepo? Nafasi ya "hakuna" ya mzee ilikuwa imetengwa tangu zamani. Ni sisi tunaoiacha tupu. Hata zile kumbukumbu chache za kutokuwepo zilizopelekwa OBIS, kwa kawaida hazionyeshwi kwenye ramani mpaka uziombe.

Kugawana habari za bahari hakukuanza na intaneti. Katika miaka ya 1840, ofisa wa jeshi la majini la Marekani, Matthew Fontaine Maury, alianza kukusanya kumbukumbu za safari kutoka kwa manahodha: upepo ulivuma kutoka wapi, mkondo ulikwenda upande gani, nyangumi walionekana wapi. Manahodha waliompa kumbukumbu hizo aliwapa ramani zilizochorwa kutokana nazo, bila malipo. Unaleta safari yako moja, unaondoka na safari za wenzako wote. Mwaka 1851 akatoa ramani ya nyangumi wa dunia. Naipenda sana biashara ile, kwa sababu kila upande ulipata kitu ambacho usingekipata peke yake, na ndicho OBIS inachokifanya hadi leo.

Lakini kuna ramani nyingine iliyokuja baadaye, na hiyo siwezi kuitazama kwa muda mrefu. Mwaka 1935 Charles Haskins Townsend alichapisha ramani alizozichora kutokana na kumbukumbu za meli za Kimarekani za kuwinda nyangumi. Nukta zaidi ya 50,000, zimepangwa kwa miezi, zimeenea bahari zote. Ni kazi ya ajabu. Watafiti bado wanaitumia kujua makundi ya nyangumi yalikuwa wapi na yalihama lini. Ila kila nukta pale ni nyangumi aliyepatikana na wawindaji. Nukta ilipozaliwa, mnyama alikufa. Nilipoikumbuka ramani hiyo nikiwa na daftari la mzee mkononi, nilielewa kwamba nukta zangu za farasi wa bahari zilikuwa zinaelekea kusomwa vile vile, kama uhai, wakati ni habari ya waliokuwapo.

Sasa niseme yaliyokula miezi.

Kwanza, majina. Mzee aliandika majina aliyoyajua, mengine ya Kiswahili, mengine ya kisayansi aliyoyatoa kwenye vitabu vya zamani. Jina la kisayansi nalo huzeeka. Wataalamu wawili katika bahari mbili hukipa kiumbe kimoja majina mawili bila kujuana, na baada ya karne moja anagunduliwa ni yule yule. Kuna orodha ya dunia ya majina ya viumbe wa baharini, WoRMS, inayohaririwa na wataalamu wa kila kundi. Mwaka 2015 walitangaza kwamba katika majina karibu 419,000 yaliyowahi kutolewa, zaidi ya 190,000 yalikuwa marudio. Konokono mmoja mdogo wa miambani, Littorina saxatilis, alikutwa na majina 113. Fikiria data zake zilivyotawanyika: mtafiti anatafuta kwa jina moja, na nukta nyingine zote zimejificha nyuma ya majina 112. Ndiyo sababu WoRMS hulipa kila jina namba ya kudumu, na namba ya jina la zamani hukuelekeza kwenye jina linalokubalika leo. Papa mweupe ni 105838. Nilikaa na ile orodha usiku baada ya usiku, nikilinganisha mstari kwa mstari, na pale ambapo sikuweza kumtambua kiumbe kwa hakika, nilipanda ngazi: badala ya spishi nikaandika jenasi tu, au familia. "Hippocampus", yaani jenasi ya farasi wa bahari, bila jina la pili. Ni afadhali mstari unaosema kidogo kwa kweli.

Pili, mahali. Hapa ndipo samaki huenda jangwani. Daftari la kwanza lilikuwa na majina ya miamba tu, na michoro midogo: mnara upande huu, kisiwa upande ule. La pili lina namba za GPS, lakini kwa digrii na dakika. Digrii moja ina dakika 60, kwa hiyo digrii 4 na dakika 30 ni 4.5 kwa desimali. Ukiandika 4.30, umeisogeza nukta yako kilomita 22 bila kujua. Ukisahau alama ya kutoa mbele ya latitudo ya kusini, mwamba wa digrii 4.5 kusini unaruka ikweta na kutua kilomita 1,000 kaskazini. Ukibadilishana latitudo na longitudo, Mungu ndiye ajuaye umefika wapi. Na ukiacha safu zote mbili tupu, programu nyingine husoma utupu kama sifuri, na kiumbe wako anatua pale ambapo ikweta inakatana na meridiani ya Greenwich, katika Ghuba ya Guinea, juu ya maji ya kina cha karibu kilomita tano. Wachora ramani wamepaita Kisiwa cha Sifuri. Hakuna ardhi pale, lakini kwenye hifadhidata zisizokaguliwa ni mahali penye msongamano: samaki, ndege, mpaka miti.

OBIS hukagua mambo haya. Nukta ikiangukia nchi kavu hutiwa alama, na kina ulichoandika kikizidi kina cha bahari ya mahali pale hutiwa alama pia. Mara ya kwanza nilipopitisha faili langu kwenye ukaguzi wa namna hiyo, mistari 41 ilikuwa nchi kavu. Mingi ilikuwa makosa yangu ya dakika na desimali. Michache haikuwa makosa: pwani iliyochorwa kwenye kompyuta ni mstari uliorahisishwa, na mwamba ulio karibu na ufuko hujikuta ndani ya mchanga kwa sababu mchoraji alikata kona. Hiyo nikaiacha ilivyo. Kuisogeza nukta ya kweli ili ipendeze kwenye ramani ni kosa ambalo hakuna mashine itakayolikamata.

Kuna safu nyingine ambayo watu wengi huiruka, nayo naomba wasiiruke: ile inayouliza unaweza kuwa umekosea kwa mita ngapi. Mpaka Mei 2000, mawimbi ya GPS waliyopewa raia yalikuwa yameharibiwa makusudi na serikali ya Marekani, na kosa la mita 100 lilikuwa la kawaida. Kwa hiyo namba za mzee za kabla ya hapo niliziandikia mita 100. Miamba niliyoipata kwa michoro yake niliiandikia mita 500. Nukta kwenye skrini huonekana kali na yenye hakika, zote kwa ukubwa mmoja. Safu hiyo ndiyo inayomwambia msomaji ni ipi aiamini kwa kiasi gani.

Na kina. Ramani ya mtandaoni ni bapa. Kiumbe wa mita tano na kiumbe wa mita 3,000 chini yake huwa nukta moja. Bahari ina kina cha wastani cha karibu mita 3,700, na sehemu kubwa ya kumbukumbu tulizonazo ni za maji ya juu, karibu na pwani, mahali ambapo meli hupita na watu huzamia. Yale maji ya katikati, yasiyo ya juu wala ya sakafuni, ndiyo makazi makubwa kuliko yote duniani na ndiyo yenye nukta chache kuliko zote. Wala sakafu yenyewe hatujaiona vizuri: mradi wa Seabed 2030 ulipoanza mwaka 2017, sehemu iliyopimwa kwa vifaa vya kisasa ilikuwa kama asilimia 6, na miaka saba baadaye ilikuwa imefika kama robo. Mtu akikuonyesha ramani ya utajiri wa viumbe wa baharini, na pwani za nchi tajiri zimewaka nyekundu, muulize kwanza ramani ya mahali watu walipotazama. Ziweke ubavuni. Mara nyingi utadhani ni ramani moja.

Hapo humkumbuka silikanti. Mwaka 1938 Marjorie Courtenay-Latimer, wa makumbusho ya East London, Afrika Kusini, alimwona kwenye lundo la samaki wa meli ya uvuvi samaki ambaye sayansi iliamini ametoweka tangu enzi za dinosaria. Ikawa nukta moja duniani. J.L.B. Smith, mtaalamu aliyemtambua, alikaa miaka 14 akitafuta wa pili. Alichapisha karatasi zenye picha ya samaki na ahadi ya pauni 100, kwa Kiingereza, Kireno na Kifaransa, zikasambazwa pwani ya Afrika Mashariki na visiwani. Desemba 1952 samaki wa pili akapatikana Anjouan, Komoro, akatambuliwa sokoni na mwalimu aliyekuwa ameiona karatasi ile. Wavuvi wa Komoro hawakushangaa hata kidogo. Walikuwa wanamvua tangu zamani, nao walikuwa na jina lake: gombessa. Baadaye akaonekana Indonesia, 1997, tena sokoni. Mwaka 2000 wazamiaji wakamkuta hai Sodwana, Afrika Kusini, na tangu 2003 wavuvi wa Tanzania, hasa wa Tanga, wamewatoa wengi kwenye jarife za kina kirefu.

Kwa hiyo ile miaka 14 ya nukta moja, samaki hakuwa amepotea. Nukta zake zilikuwa vichwani mwa watu ambao hakuna aliyewauliza. Na karatasi ya Smith, kwa jinsi ninavyoiona, ilikuwa chombo bora cha kugawana habari kwa wakati wake: ilikuwa na picha, iliahidi kitu, na ilifika sokoni, mahali samaki alipo. Hivi sasa tuna ramani ambazo simu yoyote inaweza kuzifungua, na bado safu zake zinadai ujuzi ambao mvuvi hana sababu ya kuwa nao. Mwenye ujuzi wa jedwali anapaswa kwenda alipo mwenye ujuzi wa bahari, akae, asikilize, aandike, na jina la msimuliaji liwekwe kwenye safu ya aliyeona. Jina la mzee liko kwenye kila mstari wa faili lake. Kwangu hilo halikuwa na mjadala.

Lilibaki moja, nalo lilinisumbua kuliko namba zote. Farasi wa bahari hukaushwa na kuuzwa kwa maelfu kwa maelfu. Tangu 2004 biashara ya kimataifa ya jenasi yao yote imewekwa chini ya udhibiti wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Katika daftari la tatu kulikuwa na jabali jingine, dogo, ambako walikuwa bado wapo. Ninaweka namba za jabali hilo mtandaoni, kwa usahihi wa mita kumi, ili nani azione? Mtafiti, ndiyo. Na mwenye mfuko na barakoa ya kuzamia pia.

Nilimpelekea mzee swali. Alinyamaza kidogo, akasema, "Wewe ukiwa na mtoto, utamwambia mgeni analala chumba gani?"

Kuna njia ya katikati, na wahusika wameifikiria. Jukwaa la iNaturalist, kwa spishi zilizo hatarini, huificha nukta ndani ya mraba wa digrii 0.2 kila upande, yaani karibu kilomita 22 kwa 22 kwenye ikweta. Mtafiti wa hali ya eneo zima bado anapata anachokihitaji. Mwizi anapata bahari ya kutafuta mpaka achoke. Nilifuata kanuni hiyo hiyo: nikapunguza desimali kwa mistari ya farasi wa bahari waliopo, nikaandika wazi kwenye maelezo kwamba namba zimepunguzwa na kwa sababu gani, na namba kamili nikaziacha kwa mzee na taasisi iliyopokea data. Ila mistari ya "hakuna", pale kwenye jabali la kwanza, niliiacha na namba zake zote. Pale hapana cha kuibwa.

Baadhi ya watu wataona nimeharibu data. Ninawaelewa, kwa sababu mwaka 2022 mataifa yalikubaliana kulinda asilimia 30 ya bahari ifikapo 2030, na maeneo hayo yatachaguliwa kwa ramani kama hizi. Nukta isiyo sahihi inaweza kuuacha mwamba nje ya mstari wa hifadhi. Hata hivyo anayechora mpaka wa hifadhi anaweza kuandika barua na kuomba namba kamili. Mchuuzi haandiki barua.

Faili lilipokubaliwa, nilimfungulia mzee ramani kwenye simu. Alivuta skrini kwa vidole viwili, akasogea taratibu kutoka mwamba hadi mwamba, akiyataja majina yake kwa sauti ya chini. Alipofika kwenye jabali la kwanza akakuta nukta za farasi wa bahari. Akanitazama. Nikamwonyesha mahali pa kuomba kumbukumbu za kutokuwepo, nikabonyeza, na zile "hakuna" zake zikajitokeza, kila moja na tarehe yake. Alihesabu mpaka kumi na moja.

Wiki chache baadaye niliandikiwa barua pepe na mtafiti nisiyemjua, kutoka bahari nyingine kabisa. Alikuwa amezipata zile kumi na moja. Hakuuliza lolote kuhusu kasa wala taa. Alitaka kujua jambo moja: kwenye mzamio wa mwisho ulioandikwa hakuna, mzamiaji alitafuta kwa muda gani? Maana kukosa kwa dakika tano na kukosa kwa saa nzima si kukosa kumoja.

Nilifungua daftari la tatu. Saa ya kushuka: 3:10. Saa ya kupanda: 4:02. Nikampigia mzee kuuliza kama muda wote ule alikuwa kwenye jabali.

"Wote," akasema. "Nilikuwa nawatafuta wao tu."

Nikaandika 52 kwenye safu ya dakika, nikarudi kwenye mizamio mingine yote kufanya hivyo hivyo, nikapakia faili upya.